Kutunza Vitu vya Nyumbani: Mambo Tuliyoyaona Mnero

Ndugu Wanachama,



Katika mkutano wetu uliopita mwanachama mmoja alisimama akauliza hivi: "Kwa nini mwaka wa karafuu nyingi tunakula vizuri miezi minne, kisha mwaka unaofuata tunakopa chumvi dukani?" Watu walicheka, lakini hapana aliyejibu. Halmashauri ikatuagiza sisi, Katibu wenu, tuandike jibu katika gazeti letu. Twaandika tukitumaini kwamba mume atamsomea mkewe, au mke atamsomea mumewe, maana jambo lenyewe halimhusu mmoja peke yake.

Twakiri mapema kwamba hatuandiki kwa sababu sisi tu wema kuliko wengine. Msimu mmoja, miaka si mingi iliyopita, mikarafuu yetu ilizaa sana. Fedha tuliyoipata tuliihesabu mara mbili kwa furaha. Tukanunua mchele kwa magunia, tukapika kwa sufuria kubwa kuliko watu waliokuwamo nyumbani, na kila asubuhi kuku wetu wakala wali. Haukupita mwaka, fedha zikawa zimekwisha, watoto wanataka daftari na sare za skuli, na dukani tumekwisha andikwa ukurasa mzima. Basi tukamkodisha mtu mikarafuu yetu kabla karafuu hazijaonekana, kwa bei aliyoitaja yeye. Msimu ulipofika tulisimama kando tukiwatazama watu wa mwingine wakichuma karafuu zetu. Yule bwana hakutudhulumu, alitupa tulichopatana. Aliyetudhulumu ni ile sufuria kubwa.

Ndiyo maana tulipopata nafasi ya kwenda Bara kumzuru jamaa yetu aliyeoa huko Mnero, tulitazama kwa macho mawili jinsi watu wa kule wanavyoishi na kidogo walicho nacho. Tulijifunza mambo ambayo tungependa kuwaeleza.

NCHI YA MNERO

Mnero iko kusini, katika Mkoa wa Lindi, nchi ya Nachingwea na Ruangwa. Jina hilo si la kijiji kimoja tu. Ziko Mnero Miembeni, Mnero Ngongo na Kipara Mnero. Wenyeji wengi ni Wamwera. Iko misheni ya Wabenediktini, na iko hospitali inayojulikana mbali. Watu hulima mahindi, mtama, muhogo, mbaazi, karanga na ufuta, na zao lao la fedha kubwa ni korosho.

Mtu wa kisiwani akifika kule hushangaa kwanza kwa habari ya mvua. Sisi tuna masika na vuli. Wao wana mvua moja tu kwa mwaka, inayoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Ikikatika, imekatika. Kilichovunwa Mei na Juni lazima kifike mpaka Machi ya mwaka unaofuata, wakati mahindi mabichi yanapoanza kuliwa. Asiyefikisha hana shamba la pili la kukimbilia.

Tena fedha zao, kama zetu, huja kwa mkupuo mmoja. Korosho huuzwa kuanzia mwezi wa Oktoba hivi, kwa mnada, kupitia vyama vya msingi na chama chao kikuu kiitwacho RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Utaratibu wa stakabadhi ghalani ulianza katika korosho msimu wa 2007/2008. Na soko haliahidi kitu: mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, minada ikakwama, hata Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Siku kama hizo mwenye chakula ndani huweza kungoja. Asiye na chakula huuza kwa yeyote apitaye, kwa bei yoyote.

Basi hali yao na yetu ni ndugu. Zao moja, fedha mara moja, na miezi mirefu baadaye.

HASARA KUBWA KARIBU NA NYUMBA NDOGO

Kabla ya kuingia jikoni, twataka kuwakumbusha habari moja ya nchi ile ile, maana ina mafunzo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Ikaonekana kwamba Tanganyika yaweza kulimwa karanga kwa mashine. Mwaka 1946 walitumwa wakaguzi, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Mashamba mengine yalipangwa Urambo na Nachingwea. Hesabu ya mwanzo ilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Ili kuitoa mizigo ya Nachingwea ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara.

Matrekta yaliletwa kutoka mabaki ya vita, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kufyekea. Lakini mvua haikupimwa kwa miaka ya kutosha, wala udongo. Udongo wa Kongwa, jua likiuchoma, huwa mgumu kama sakafu. Karanga zinakua, lakini kuzing'oa ni kazi. Mashine ziliharibika, vipuri vikakosekana, na karanga zilizovunwa zikawa chache mno. Januari 1951 mradi ukatangazwa kuwa umeshindwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimekwenda. Reli ya Nachingwea ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Leo iko kata Nachingwea iitwayo Stesheni, lakini gari moshi halifiki.

Kwa nini tunaeleza haya katika makala ya vyakula na kuni? Kwa sababu wakulima wa pande zile walilima karanga katika vishamba vidogo kabla ya mradi, na bado wanalima. Waliokuwa na fedha nyingi walishindwa kwa kuanza bila ya kupima, na walio na fedha kidogo wanaishi kwa sababu wanapima kila siku. Kupima ndiko mwanzo wa kutunza.

LA KWANZA: KUPIMA KABLA YA KUPIKA

Bibi mwenye nyumba tuliyofikia hapiki kwa kukisia. Ana kibakuli kimoja cha zamani, kimemeguka ukingo, na hicho ndicho kipimo cha unga. Anajua wakubwa ni wangapi, watoto wangapi, na nani ametoka. Mgeni akija huongeza, na haoni tabu kuongeza. Lakini akiisha kupima, hurudisha gao moja la unga katika chungu kingine kilicho pembeni. Tulimwuliza sababu, akasema, "Hilo gao mtoto halioni kwenye ugali, lakini mimi nitaliona mwezi wa Februari."

Sisi tuna neno letu la kale: haba na haba hujaza kibaba. Wazee wetu waliopima kwa kibaba na pishi walijua kwamba vibaba vinne ni pishi moja, na kila nyumba ilijua inakula vibaba vingapi. Siku hizi wengi wetu humimina mchele kutoka mfukoni mpaka sufuria ionekane imejaa.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme nyumba yako hupika mchele wa ziada robo kilo kwa siku, ambao hauliwi. Robo kilo si kitu machoni. Lakini kwa siku 365 ni kilo 91, yaani zaidi ya mifuko mitatu na nusu ya kilo 25. Kila mtu na ajue bei ya mfuko dukani kwake, azidishe. Hiyo ndiyo fedha inayokwenda kwa kuku kila mwaka, na mchele huo wengi wetu hatuulimi, twaununua kwa karafuu.

Wala tusidhani ni tabia yetu peke yetu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa taarifa mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani na majumba, mahoteli na maduka kilizidi tani milioni 1,000, na kwamba sehemu sita katika kumi zilitoka majumbani. Kwa hiyo mlango mkubwa wa hasara si hoteli ya tajiri. Ni jikoni kwetu.

LA PILI: KUWEKA NAFAKA

Chakula kingi cha mkulima hakiliwi na watu, huliwa na wadudu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tanzania imekuwa na mdudu aitwaye dumuzi, aliyekuja na shehena kutoka nchi za Amerika ya Kati. Alionekana kwanza upande wa Tabora, kisha akaenea. Dumuzi hutoboa hindi likiwa katika gunzi, na muhogo mkavu pia, akaacha unga mtupu. Kabla yake watu waliweka mahindi na magunzi yake juu ya dari ya jikoni, na moshi ukafukuza wadudu. Kwa fukusi wa zamani dawa ile ilitosha, lakini kwa dumuzi moshi peke yake hautoshi.

Mwenyeji wetu hufanya hivi. Mahindi yakikauka shambani huyaleta upesi, hayaachi yasimame. Huyachagua, yaliyotobolewa huyatenga yaliwe mwanzo. Yaliyo mazima huyapukuchua na kuyaanika tena juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu. Yakiisha kukauka huyatia katika mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki ndani, na mmoja wa kusokotwa nje. Hukamua hewa, akafunga kila tabaka kwa kamba yake. Kazi ya mfuko huu ni rahisi kuelewa. Wadudu waliomo ndani huvuta hewa iliyobaki. Hewa nyingine haiingii. Basi wao wenyewe huimaliza, wakafa. Haihitaji dawa ya sumu. Inataka mambo matatu tu: nafaka iwe kavu, mfuko usitobolewe, wala usifunguliwe kila siku. Kwa hiyo mfuko wa kuliwa huwa mbali, na mifuko ya akiba huwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali paka anapopita.

Je, mtu atajuaje kama nafaka imekauka? Wengi huuma kwa jino, nalo jino hudanganya. Liko jaribio la chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani. Tia nafaka mpaka kadiri ya nusu ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika 15. Ukiona chumvi imeganda kwenye kioo, nafaka ingali na maji, irudishe juani. Chumvi ikianguka chini yote, nafaka yafaa kuwekwa.

Kunde na choroko za mbegu yule bibi huzichanganya na majivu yaliyochekechwa, akazitia katika kibuyu mpaka kijae. Majivu huziba nafasi kati ya punje, mdudu asipate kupita. Mbegu ya mwaka ujao hainunuliwi, na majivu hayana bei.

LA TATU: KUNI NA MOTO

Jambo hili twaomba lisomwe kwa makini, maana kisiwani kwetu kuni na mkaa vimekuwa ghali, na wako wanaokata miti inayozaa.

Mafiga matatu yakiwa wazi, moto mwingi hukimbia na upepo kabla haujagusa chungu. Kule Mnero tuliona meko ya udongo yaliyozungushiwa mafiga, yameacha mlango mmoja wa kuni na nafasi ndogo ya moshi. Udongo, maji na nyasi zilizokatwakatwa ndiyo gharama yake yote. Joto hubaki chini ya chungu, na mtoto haungui upesi.

Kuni hupasuliwa na kukaushwa tangu kabla ya mvua, zikapangwa chini ya upenu. Kuni mbichi hutumia sehemu ya nguvu zake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Kilichobaki ndicho kinachopika. Mbaazi zikiisha kuvunwa, miti yake mikavu haichomwi shambani, hufungwa mizigo ikawa kuni za jioni.

Tena maharage, mbaazi na kunde hulowekwa usiku. Mbegu iliyokwisha kunywa maji huiva kwa muda mfupi zaidi. Chungu hufunikwa. Na kikiisha kuchemka, kuni moja huvutwa nje. Hapa wengi wetu twakosea: twadhani moto mkubwa huivisha upesi zaidi. Maji yakiisha kuchemka hayazidi tena joto, hata ukitia kuni gunia zima. Yatakauka upesi tu, na chakula kitaungua. Moto mdogo unaotosha kuyafanya yatokote huivisha sawasawa na moto mkubwa.

LA NNE: VITU VISIVYOTUPWA

Tulikaa siku kadha katika nyumba ile, tukaona kwamba jaa lake ni dogo sana. Maganda ya muhogo hukaushwa kwa mbuzi. Maji ya kuoshea vyombo humwagwa shinani mwa mpapai. Muhogo uliozidi humenywa, hukaushwa ukawa makopa. Majani ya kunde na kisamvu hukaushwa kwa kitoweo cha kiangazi.

Mabibo ya korosho nayo yana habari yake. Bibo ni zito mara nyingi kuliko korosho yenyewe, na mengi huoza chini ya mti kwa sababu soko linataka korosho tu. Nalo bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Katika nyumba ile watoto huyakusanya asubuhi, yale mazima hukamuliwa maji yakanywewa siku ile ile, mengine hukaushwa.

Na sisi je? Tukisema kweli, mama zetu walikuwa na elimu hiyo hiyo. Nazi ilikuwa haina kitu cha kutupwa: tui la kwanza na la pili kwa chakula, machicha kwa kuku na kwa kusugulia sufuria, kifuu kwa upawa na kwa moto wa pasi, makumbi kwa usumba na kamba, makuti kwa paa. Kanga mpya ilivaliwa harusini, ikizeeka kidogo huvaliwa nyumbani, kisha ikawa mbeleko, kisha nepi, kisha kishikio cha sufuria, na mwisho dekio. Kikapu cha ukili kilikwenda sokoni miaka. Mifuko ya plastiki ilipokatazwa kwetu Zanzibar, na baadaye Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wako walionung'unika kana kwamba mtu hawezi kubeba samaki bila ya mfuko. Kikapu kilikuwapo ukutani.

Kuhusu maji, sote tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba hata anayetawadha kando ya mto unaokwenda haifai afanye israfu. Ikiwa ni hivyo kwa ibada, itakuwaje kwa bomba linaloachwa linatiririka wakati wa kupiga mswaki?

LA TANO: SI KILA KITU HUTUNZWA

Hapa yatupasa kuonya. Kutunza si kula kilichoharibika. Karanga au mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, nayo haionekani siku zote kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Basi karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitengwe na zitupwe. Kuku na mbuzi nao wasipewe. Dawa yake ni mwanzoni: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai au jamvi, na kukausha sawasawa.

Na wali wa kiporo, ambao sisi sote twaupenda, usilale katika sufuria ya moto iliyofunikwa. Upakuliwe katika sinia upoe upesi, na asubuhi upashwe moto mpaka uive tena. Ukianza kuteleza au kunuka, usimpe mtoto. Robo kilo ya mchele ni nafuu kuliko safari ya hospitali.

Tena kutunza si ubahili. Katika nyumba ile ya Mnero tulikaribishwa ugali moto, mboga, na kuku siku ya kuondoka. Tukaelewa kwamba mwenye kupima ndiye mwenye cha kumpa mgeni mwezi wa Februari. Mwenye kumwaga hujificha mgeni akibisha hodi.

NA SISI WENYE MIKARAFUU

Sasa turudi shambani kwetu, maana nyumba ya mkulima haishii mlangoni.

Karafuu mbichi kadiri ya kilo tatu hutoa kilo moja kavu. Kwa hiyo kila konzi kavu inayopotea ni konzi tatu za kazi ya mchumaji. Karafuu zilizochumwa leo zikonyolewe leo. Zikilala katika rundo hupata joto zenyewe, zikachacha, na asubuhi hupauka. Zikikaushwa hupoteza rangi na uzito, na bei hushuka. Zitandazwe kwa unene mdogo juu ya jamvi safi, zigeuzwe, na jua likianza kuchwa zikunjwe, umande usizifikie. Barabara si mahali pa kuanikia. Hupata mchanga, mafuta ya gari na mavi ya kuku, na mnunuzi wa ng'ambo haoni sababu ya kuvinunua hivyo.

Makonyo nayo ni mali. Yana mafuta, ingawa machache kuliko karafuu yenyewe, na kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukamua mafuta ya makonyo. Anayeyafagilia shimoni, au kuyaanika ovyo yakaota ukungu, atupa fedha iliyokwisha kuchumwa na kulipiwa. Yakaushwe kando, yasichanganywe na karafuu.

La mwisho la shamba: mchumaji asivunje matawi. Karafuu hutoka kwenye ncha za vitawi. Tawi lililovunjwa kwa haraka ya siku moja halipotezi karafuu za mwaka huu tu, lapoteza za miaka inayokuja, na jeraha lake huingiza maradhi mtini. Ngazi nzuri na mlango wa kamba huigharimu nyumba mara moja.

Na fedha ikiisha kupatikana? Mkarafuu hauzai sana kila mwaka, sote twajua. Basi fedha za msimu mkubwa zisihesabiwe kuwa za miezi minne. Tuseme mtu amebakiwa na shilingi 3,600,000 baada ya kuwalipa wachumaji. Akizigawa kwa miezi 18 atapata 200,000 kwa mwezi, na huo ndio mshahara wake. Akianza kwa kununua mchele, unga na sukari ya miezi isiyo na karafuu, akailipa skuli, akatenga fungu la palizi, ndipo aangalie kilichobaki cha harusi na redio. Wengi wetu huanza mwisho, tukamalizia mwanzo.

TWAOMBA HIVI

Halmashauri haitaki makala hii isomwe na kufungiwa maandazi. Twaomba kila mwanachama afanye jambo moja kabla ya mkutano ujao. Kwa siku saba, katika daftari la mtoto, iandikwe kila jioni: leo tumepika kiasi gani, kimebaki kiasi gani, kimetupwa kiasi gani, kuni au mkaa wa kiasi gani, na maji ndoo ngapi. Asiandike ili kumlaumu mtu nyumbani, wala mume asisimame jikoni kama karani. Andikeni pamoja. Siku ya nane jumlisheni bei ya vilivyotupwa, zidisheni kwa wiki 52, kisha mgawanye kwa bei ya kilo ya karafuu. Mtajua nyumba yenu inatupa kilo ngapi za karafuu kila mwaka.

Sisi tulifanya hesabu hiyo tuliporudi kutoka Mnero. Hatutaiandika hapa, maana tumeona haya. Lakini tutaileta mkutanoni na kuisoma wa kwanza, ili asiwepo mwanachama wa kuogopa kuisoma yake. Tangu siku ile liko bakuli la kupimia katika mfuko wetu wa mchele, na chungu kidogo pembeni. Sufuria kubwa tumeipandisha darini, ikingoja harusi. Na mikarafuu yetu, Mungu akipenda, msimu huu tutaichuma wenyewe.

Wasalaam,
Katibu wenu